Kovu na Tarakimu: Usawazishaji wa Nguvu kama Mbinu ya Usawiri wa Mhusika Sagat katika Matoleo ya Street Fighter

Ikisiri

Makala haya yanahakiki jinsi nguvu za mhusika Sagat zilivyobadilishwa kutoka toleo moja hadi jingine la Street Fighter, mfululizo wa michezo ya video ya mapigano unaotengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani. Mabadiliko ya aina hii, yanayoitwa hapa usawazishaji, kwa kawaida hujadiliwa kama suala la ufundi na haki ya ushindani. Makala yanadai kwamba usawazishaji ni mbinu ya usawiri wa mhusika pia, na hivyo unastahili kuhakikiwa kwa vigezo vya fasihi. Kwa kulinganisha matoleo yaliyotoka kati ya mwaka 1987 na 2018, inaonyeshwa kuwa usawazishaji hufaulu pale ambapo kinachopunguzwa katika kanuni kinapata maana katika kisa, na maana hiyo ikaweza kuchezwa. Masharti haya mawili yasipotimia, hadhira ama humrudia mhusika wa zamani ama humwacha.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa riwaya akishaikabidhi kazi yake kwa mchapishaji, wahusika wake hupata aina fulani ya utulivu. Toleo la pili linaweza kusahihisha makosa ya chapa, lakini halitarajiwi kumpunguzia shujaa nguvu kwa sababu wasomaji wamelalamika kwamba anashinda mno. Mhusika wa mchezo wa mapigano hana utulivu huo. Kila toleo jipya linapotoka, yeye hurudi akiwa na jina lilelile, sura ileile na sauti inayofanana na ya awali, ilhali uwezo wake umepimwa upya. Mkono uliokuwa mwepesi huwa mzito. Pigo lililokuwa la kutisha huwa la kawaida. Mwili uliokuwa ukistahimili mapigo mengi huanguka mapema.

Ili hoja zinazofuata zieleweke, ni vyema kueleza kwa ufupi jinsi mchezo wa aina hii unavyofanya kazi. Wachezaji wawili huchagua mhusika mmoja mmoja na kupambana ana kwa ana. Kila mhusika ana kiasi cha uhai kinachopungua anapopigwa. Uhai ukiisha, amepoteza raundi. Muda hupimwa kwa fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo katika kioo, na fremu 60 hupita kwa sekunde moja. Kila pigo lina hatua tatu: fremu za kuanza, fremu ambazo pigo linaweza kumgusa mpinzani, na fremu za kurejea, ambapo aliyepiga hawezi kufanya jambo lolote hadi mwili wake urudi katika hali ya kawaida. Kuongeza au kupunguza fremu chache katika hatua mojawapo kunaweza kugeuza silaha bora kuwa mzigo. Kazi ya kubadilisha tarakimu hizi za uhai, madhara na fremu ndiyo usawazishaji.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: tarakimu za mhusika zinapobadilishwa, ni nini kinachompata mhusika mwenyewe? Swali linajibiwa kwa kumchunguza Sagat. Mhusika huyu ameteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ameonekana katika mfululizo huu tangu mwanzo wake mwaka 1987, na nguvu zake zimepanda na kushuka kwa kiwango kinachoonekana wazi. Pili, kisa chake kinahusu jambo lilelile ambalo usawazishaji hulifanya: mtu mwenye nguvu kupita wengine anapunguzwa, kisha analazimika kuishi na upungufu huo.

1.1 Mkabala wa Uchambuzi

Uchambuzi umeegemea mihimili miwili. Wa kwanza ni mjadala wa wahusika bapa na wahusika duara, istilahi ambazo uhakiki wa Kiswahili umezipokea kutokana na kazi ya E. M. Forster (1927). Mhusika bapa hujengwa juu ya sifa moja na habadiliki. Mhusika duara ana pande nyingi na anaweza kumshangaza msomaji bila kupoteza uaminifu wake. Mhimili wa pili ni hoja ya Jesper Juul (2005) kwamba mchezo wa video umeundwa kwa vitu viwili vya asili tofauti: kanuni, ambazo ni halisi, na ulimwengu wa kubuni. Anayeshindwa katika mchezo ameshindwa kweli, hata kama joka lililomshinda ni la kubuni.

Kwa kuunganisha mihimili hii, makala yanamwona mhusika wa mchezo wa mapigano kama kiumbe kinachosawiriwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kisa humsawiri kwa wasifu, maneno, mavazi na uhusiano wake na wahusika wengine. Kanuni humsawiri kwa anachoweza na asichoweza kufanya. Njia hizi mbili zinaweza kusaidiana au kupingana. Mhakiki anayeishughulikia moja tu anabaki na nusu ya mhusika.

2.0 Sagat katika Kisa

Sagat alijitokeza kwa mara ya kwanza katika Street Fighter ya mwaka 1987, mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya mashine za kumbi za burudani. Ni bingwa wa Muay Thai, ndondi za Kithai, mwenye upara, kitambaa kinachofunika jicho moja na kimo kinachotajwa kuwa sentimita 226. Katika mchezo huo yeye ndiye mpinzani wa mwisho. Mchezaji humtumia Ryu, au Ken akiwa mchezaji wa pili, na hawezi kumchagua Sagat. Kwa hiyo, kikanuni, Sagat wa mwaka 1987 ni kikwazo. Hadaiwi usawa na mtu yeyote, kwani kazi yake ni kuwa mgumu.

Alipoonekana tena katika Street Fighter II (1991), kifua chake kilikuwa na kovu kubwa. Kisa kinaeleza kwamba Ryu alimshinda kwa Shoryuken, ngumi ya kuruka inayopaa kutoka chini kwenda juu, na kovu ndilo alama iliyobaki. Sagat naye amekuja na pigo jipya, Tiger Uppercut, ngumi ya kupaa inayofanana sana na ile iliyomwangusha. Hapa tunaona kanuni na kisa vikishikana barabara. Orodha ya mapigo ya Sagat ni kumbukumbu ya kushindwa kwake: silaha yake kuu ameijifunza kutoka kwa kidonda chake. Mchezaji anayelitumia pigo hilo, hata kama hajasoma wasifu wowote, anairudia historia hiyo kwa vidole vyake.

Mfululizo wa Street Fighter Alpha, ulioanza mwaka 1995 na ambao kisa chake kinatangulia matukio ya Street Fighter II, uliongeza undani. Jicho la Sagat lilipotea katika pambano na Go Hibiki, baba yake Dan, na Sagat alimuua mtu huyo. Dan anapokuja kulipiza kisasi, Sagat anaiona ndani yake chuki ileile anayoibeba yeye dhidi ya Ryu, na anamwachia kijana huyo ushindi. Mfalme wa zamani anachagua kuwa chini. Kufikia hapo Sagat ametoka katika ubapa wa adui wa mwisho na kuwa mhusika duara: ana kiburi, ana chuki, ana majuto, na hatimaye ana heshima kwa aliyemshinda.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kupunguzwa si kitu kigeni kwa mhusika huyu. Kisa chake chote ni historia ya kupunguzwa. Hivyo basi, mhakiki hawezi kudai kwamba kila tarakimu inayoshushwa ni dhuluma dhidi ya Sagat. Anachopaswa kuuliza ni kama upungufu huo umeacha kovu linalosomeka.

3.0 Sagat wa Zamani na Sagat Mpya: Toleo la 1994

Mabadiliko ya kwanza makubwa yalitokea mwaka 1992, Capcom ilipotoa Champion Edition na kuwaruhusu wachezaji kuwachagua wakuu wanne waliokuwa wapinzani wa mwisho, Sagat akiwa mmojawapo. Tukio hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Adui wa mwisho anapokuwa chaguo la kila mtu, ukubwa wake unageuka kuwa tatizo. Kilichokuwa sifa ya kisanaa, yaani ugumu wake, sasa ni tuhuma: kwa nini anayemchagua apate faida? Mfalme hana budi kuvuliwa taji kabla ya kukabidhiwa umma.

Suala hili lilifikia kilele katika Super Street Fighter II Turbo (1994). Mchezo huu ulikuwa na jambo lisilo la kawaida. Kila mhusika wa matoleo yaliyotangulia alikuwa na sura mbili: sura mpya, iliyosawazishwa upya, na sura ya zamani, iliyofuata toleo la mwaka 1993 na kupatikana kwa kubonyeza mfululizo wa siri katika ukurasa wa kuchagua wahusika. Sagat mpya alipewa pigo kuu linaloitwa Tiger Genocide, litumikalo baada ya kujaza akiba ya nguvu. Lakini Tiger Shot, kombora analolirusha kwa mikono, liliongezewa fremu za kurejea. Sagat wa zamani hakuwa na pigo kuu, na alipokamatwa na kutupwa hakuweza kupunguza madhara ya kutupwa huko. Alichokuwa nacho ni kombora lake la awali, lenye kurejea haraka.

Ili kuelewa uzito wa tofauti hiyo, ni lazima kuangalia umbo la silaha yenyewe. Sagat hurusha kombora kwa kimo cha aina mbili, akiwa amesimama au amechuchumaa. La juu linaweza kupita juu ya vichwa vya baadhi ya wapinzani waliochuchumaa, lakini humzuia anayetaka kuruka. La chini humlazimu mpinzani aruke au ajikinge. Kurejea kukiwa kwa haraka, anayeruka humkuta Sagat amekwisha kuwa tayari kumpiga. Wahusika wasio na kombora, kama vile Zangief na E. Honda, hulazimika kuuvuka uwanja mzima hatua kwa hatua chini ya mvua hiyo. Uwanja mzima unakuwa mali ya mtu mmoja.

Mwitikio wa hadhira ndio unaolifanya toleo hili kuwa la thamani kwa uhakiki. Nchini Japani, wachezaji wa kiwango cha juu waliacha kumtumia Sagat wa zamani kwa makubaliano yasiyoandikwa. Hapakuwa na kanuni iliyomkataza, tofauti na Akuma, mhusika wa siri wa mchezo huohuo, ambaye mashindano humpiga marufuku waziwazi. Nchini Marekani Sagat wa zamani aliendelea kutumika. David Sirlin, mchezaji na mwandishi ambaye baadaye aliongoza usawazishaji wa toleo la HD Remix la mwaka 2008, alilijadili suala hili la zuio la kimyakimya katika maandishi yake kuhusu ushindani. Kinachodhihirika ni kwamba Sagat wa zamani alishindika. Kama angekuwa hashindiki, Marekani nayo ingemkataza. Alizuiwa kwa sababu alipunguza aina za mapambano yanayowezekana: akiwapo yeye, wahusika wengi wa kupendeza hukosa nafasi.

Hapa kisa na kanuni vinakutana mahali ambapo wabunifu hawakukusudia. Sagat wa kisa alimwachia Dan ushindi kwa hiari. Wachezaji wa Japani nao walimwacha Sagat kwa hiari, ili wengine wapate kuishi. Lakini Sagat mpya hakufaidika na sadaka hiyo. Upungufu wake ulifanyika katika fremu za kurejea, mahali pasipoonekana na pasipo na maelezo yoyote katika kisa, na zawadi aliyopewa ni pigo kuu ambalo kila mhusika mpya alipewa la kwake. Haikuwa jibu kwa kile alichopoteza. Usawazishaji huu ulirekebisha uwanja, lakini haukumsawiri mtu. Si ajabu kwamba katika kumbukumbu za wapenzi wa mchezo huu, Sagat anayezungumzwa ni yule wa zamani.

4.0 Kutoka Street Fighter IV hadi Super Street Fighter IV

Street Fighter IV ilitoka katika kumbi za burudani mwaka 2008 na kuingia majumbani Februari 2009. Ndani yake Sagat alirejeshewa ukubwa wake. Alipewa uhai wa 1,100, wakati Ryu alikuwa na 1,000; Tiger Uppercut yake ilileta madhara makubwa; na makombora yake yalitawala uwanja. Wachezaji wengi walimweka katika nafasi ya kwanza katika orodha za madaraja ya wahusika.

Hata hivyo, ubora wa mhusika si sawa na ushindi. Katika mashindano ya Evo ya mwaka 2009, fainali ya mchezo huu ilimkutanisha Daigo Umehara na Justin Wong. Umehara alishinda kwa kumtumia Ryu, na Wong hakumtumia Sagat katika fainali hiyo. Mhusika aliyedhaniwa kuwa bora kuliko wote hakuwamo katika pambano lililoamua ubingwa. Jambo hili linatukumbusha kwamba tarakimu ni uwezekano tu. Ni mchezaji anayeugeuza uwezekano kuwa tukio, kama vile fanani anavyoupa uhai utungo mbele ya hadhira.

Super Street Fighter IV (2010) iliongeza wahusika 10 na kuwapima upya waliokuwapo. Kwa Sagat, uhai ulishuka kutoka 1,100 hadi 1,000, na madhara ya Tiger Uppercut yalipunguzwa. Ukitazamwa juujuu, huu ni upunguzaji wa kawaida wa mhusika aliyezidi. Ukitazamwa kwa jicho la usawiri, una maana mbili zinazostahili kutenganishwa.

Maana ya kwanza iko katika tarakimu 1,000. Kwa kipimo hicho, jitu la sentimita 226 limewekwa sawa na Ryu, mtu aliyemtia kovu. Mwili wake haukupunguzwa. Bado ni shabaha pana ambayo mapigo mengi hulifikia kwa urahisi. Kilichoondolewa ni ule ustahimilivu wa ziada uliokuwa ukilipia upana huo. Sagat wa 2010 ni mwili mkubwa wenye uhai wa kawaida, yaani mtu anayeonekana hashindiki lakini anaumia kama wengine. Tafsiri hii inalingana vyema na Sagat wa kisa katika utu uzima wake, bingwa anayejua kwamba ukubwa haukumkinga.

Maana ya pili iko katika kitendo kipya alichoongezewa, kinachoitwa Angry Charge. Kwa kutumia sehemu ya akiba ya nguvu, Sagat huamsha ghadhabu ya kovu la kifuani, na Tiger Uppercut itakayofuata huwa na madhara zaidi. Tuzingatie mpangilio wa jambo hili. Pigo limepunguzwa makali, kisha mhusika akapewa njia ya kuyarudisha makali hayo kwa kulikumbuka jeraha lake. Nguvu iliyokuwa haki yake ya kuzaliwa imekuwa kitu cha kulipiwa, na kinalipiwa kwa kumbukumbu. Katika matoleo yote yanayochunguzwa hapa, hakuna mfano mwingine ambapo usawazishaji umesema jambo zito kiasi hiki kuhusu Sagat.

Lakini sifa hii ina kasoro yake. Kuamsha kovu kunataka muda na akiba. Mpinzani anaona kinachoendelea na anajua ni pigo gani la kutahadhari nalo, na akiba hiyohiyo ina matumizi mengine ya haraka na ya hakika zaidi. Matokeo yake, kitendo chenye maana kubwa kuliko vyote katika kisa kilikuwa na nafasi finyu katika mapambano yenye ushindani. Fidia ilitolewa kwa ishara, si kwa uwezo. Mbunifu aliandika sentensi nzuri, kisha akaiweka mahali ambapo msomaji hana sababu ya kupita. Kwa hiyo usawazishaji wa 2010 unaweza kuhesabiwa kuwa umefaulu nusu: umetimiza sharti la maana, haujatimiza sharti la kuchezeka.

5.0 Pingamizi na Majibu Yake

Hoja inayojengwa hapa inaweza kupingwa kwa njia mbili. Pingamizi la kwanza ni kwamba mchezo wa mapigano ni ushindani, na katika ushindani haki hutangulia hadithi. Mhusika anayezidi wengine hana budi kupunguzwa, hata kama wasifu wake unamwita mfalme.

Makala haya hayapingi msingi wa hoja hiyo. Mchezaji wa Zangief anayevuka uwanja chini ya makombora ana haki ya kupata nafasi ya kushinda. Lakini haki huamua kiasi cha kupunguza. Haiamui kipunguzwe nini. Upungufu uleule wa nguvu unaweza kupatikana kwa kushusha uhai, kuongeza fremu za kurejea, kufupisha urefu wa mkono, kupunguza kasi ya kombora au kushusha madhara ya pigo moja. Njia hizi zinaweza kuleta athari zinazokaribiana katika matokeo ya mashindano, lakini kila moja humsawiri mtu tofauti. Kumwongezea Sagat fremu za kurejea ni kumfanya mzito wa mikono. Kumshushia uhai ni kumfanya dhaifu wa mwili. Kumpunguzia Tiger Uppercut ni kugusa pigo lililozaliwa na kovu lake. Uteuzi kati ya njia hizi ni uamuzi wa kisanaa, na uamuzi wa kisanaa hauwezi kujificha nyuma ya neno haki.

Pingamizi la pili ni kwamba wachezaji wa mashindano hawajali kisa. Wao huangalia fremu na madhara. Jibu ni kwamba kisa cha mhusika wa mchezo huu hakiishii katika maneno yanayoonyeshwa mwishoni mwa mchezo. Kisa kinajumuisha sifa ambayo mhusika ameijenga katika mapambano halisi kwa miaka mingi. Wachezaji wanaposema kwamba Sagat ni mtawala wa masafa ya mbali, hawanukuu wasifu wa Capcom. Wanasimulia walichokiona na walichokitenda. Zuio la kimyakimya la Japani ni ushahidi kwamba hadhira hii inamchukua mhusika kwa uzito mkubwa kuliko tarakimu zinavyodai, kwa kuwa hakuna tarakimu iliyowalazimisha kumwacha.

6.0 Mchezaji kama Mmiliki Mwenza wa Mhusika

Ultra Street Fighter IV (2014) iliwapa wachezaji uwezo wa kuchagua sura ya mhusika kutoka matoleo yote yaliyotangulia ya Street Fighter IV. Sagat wa 2009, mwenye uhai wa 1,100, aliweza tena kusimama mbele ya Sagat wa 2014. Uwezo huo ulikuwa wa burudani. Mashindano makubwa kwa kawaida yalifuata sura ya Ultra pekee. Kimaana, hata hivyo, tendo hili linarudia lile la mwaka 1994 kwa uwazi zaidi. Capcom ilikiri kwamba mhusika aliyesawazishwa hamfuti aliyemtangulia. Sagat wote ni Sagat, kama masimulizi mbalimbali ya hadithi moja yanavyoweza kuishi pamoja bila mojawapo kuwa potofu.

Aliyelipa gharama ya mabadiliko haya ni mchezaji. Kumudu mhusika wa aina hii huchukua miaka. Mwili wa mchezaji huzoea urefu wa mkono wa Sagat, muda wa kombora lake, umbali ambao Tiger Uppercut humkamata anayeruka. Tarakimu zinapobadilishwa, sehemu ya ujuzi huo hupotea bila mwenyewe kufanya kosa lolote. Mchezaji wa kulipwa wa Japani ajulikanaye kama Bonchan ni mfano bora. Alijulikana kwa kumtumia Sagat katika miaka ambayo mhusika huyo hakuwa tena kileleni, na mwaka 2015 alishinda mashindano ya Red Bull Kumite mjini Paris akiwa na mhusika huyohuyo katika Ultra Street Fighter IV. Ushindi huo unaweza kusomwa kama utimilifu wa kile ambacho Angry Charge ilikiahidi bila kukitimiza: Sagat aliyepunguzwa anarudi juu kwa kazi, si kwa urithi.

Kilichofuata kina funzo lake. Sagat aliongezwa katika Street Fighter V Agosti 2018, na wachezaji wengi walimwona kuwa wa daraja la chini. Mwaka mmoja baadaye, katika Evo 2019 mjini Las Vegas, Bonchan alitwaa ubingwa wa Street Fighter V. Mhusika aliyemtumia katika fainali alikuwa Karin. Sagat alikuwapo na aliweza kuchaguliwa, lakini mchezaji aliyehusishwa naye kuliko wengi alifikia kilele cha kazi yake kwa mkono wa mwingine. Hakuna anayeweza kumlaumu. Mchezaji wa kulipwa huchagua kinachomwezesha kushinda. Lakini kwa mhakiki, tukio hili ni kipimo. Mhusika aliyesawazishwa hadi rafiki yake wa karibu akamwacha amebaki na sura, kovu na wasifu, huku sehemu yake ya kutenda ikiwa imenyamaza.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kubadilisha tarakimu za mhusika wa mchezo wa mapigano ni kumsawiri upya. Sagat ametoka katika hali ya kikwazo kisichochaguliwa (1987), akawa mtu wa sura mbili ambaye hadhira ilimzuia kwa hiari (1994), akarudishiwa ufalme (2009), akapunguzwa na kupewa kovu liongee (2010), akagawanywa katika matoleo yanayoishi pamoja (2014), na hatimaye akawapo bila kuchaguliwa pale palipohusu zaidi (2019). Mfululizo huo hauwezi kuelezwa kwa fremu na madhara peke yake, wala kwa wasifu peke yake.

Vigezo viwili vimependekezwa. Usawazishaji ulio bora huupa upungufu maana ndani ya kisa cha mhusika, na huiweka maana hiyo mahali ambapo mchezaji atakuwa na sababu ya kuitenda. Toleo la 1994 halikutimiza sharti la kwanza. Toleo la 2010 lilitimiza la kwanza na kulikaribia la pili. Vigezo hivi vinaweza kutumika kwa wahusika wengine wa michezo ya aina hii, hasa sasa ambapo marekebisho husambazwa kwa intaneti mara kwa mara na sura ya zamani ya mhusika hutoweka bila kuacha nakala ambayo mtafiti anaweza kuirudia. Katika mashine za 1994, Sagat wa zamani bado yupo kwa anayeujua mfululizo wa siri. Ni muhimu kwa watafiti kuziandika sura za wahusika wa leo kabla hazijafutwa, kwa kuwa mhakiki anahitaji kuona mwili wa kabla ya jeraha ili aweze kulisoma kovu.